Asili ya Viza ya Schengen na Hesabu ya Siku Tisini



Neno viza si geni katika Kiswahili. Bibi zetu, yai likikaa mno chini ya kuku lisianguliwe, walikuwa wakisema yai hili ni viza. Siku hizi neno hilo lina maana ya pili, nayo haina udugu na ile ya kwanza. Limetujia kutoka Ulaya, na asili yake ni Kilatini, maana yake ni kitu kilichotazamwa. Yaani hati ya msafiri imetazamwa na mwenye mamlaka naye akairidhia. Hata hivyo nimewasikia watu waliotoka ubalozini mikono mitupu wakizichanganya maana mbili hizo kwa makusudi, wala siwalaumu.

Leo nataka kueleza khabari ya viza ya namna moja tu, ile ambayo mtu hupewa na nchi moja kisha akaingia nayo katika nchi nyingi. Hiyo ndiyo inayoitwa viza ya Schengen. Nimeichagua kwa kuwa jamaa zetu wengi wana watoto na wajukuu Uholanzi, Ujerumani, Ufaransa na Denmark, na wazee wa huku huitwa kwenda kuwatazama. Na nimeona ya kwamba wengi huihangaikia hati hii kwa miezi, wakaiuzia hata ng'ombe, kisha wakishaipata hawaisomi.

Mzee mmoja katika jamaa zetu alikwenda Uholanzi kumtazama binti yake aliyejifungua. Katika viza yake mlikuwa na tarehe mbili, ya kuanzia na ya kumalizikia, na baina yake siku 30. Mahali pengine katika karatasi ile ile palikuwa na namba 15. Mzee na binti yake walizitazama zile tarehe mbili, wakaona muda upo, naye akakaa siku 23. Siku ya kurejea, askari wa uwanja wa ndege aliitazama mihuri, akahesabu, akamwambia: Mzee, umezidisha siku nane. Akaona ni maneno ya kupita tu. Mwaka wa pili yake binti akaugua maradhi mazito, baba akaomba viza tena, akanyimwa, na sababu iliyoandikwa ilikuwa ni zile siku nane. Ile namba 15 ndiyo iliyokuwa idadi ya siku alizoruhusiwa kukaa, nayo ilikuwa imeandikwa tangu siku ya mwanzo. Tutairudia mbele, inshaallah, lakini kwanza tuijue asili ya jambo lenyewe, kwa sababu hesabu hizi hazifahamiki vizuri mpaka mtu ajue zimetoka wapi.

Kumpa mgeni ruhusa ya kuingia na kumwekea muda ni jambo la zamani. Katika fiqhi limo ndani ya mlango wa amani, na mgeni aliyepewa amani huitwa mustaamini. Na katika mlango huo pana mambo mawili ambayo msomaji wa leo akiyatazama atastaajabu kwa namna yanavyokaribiana na viza hii.

La kwanza ni kuwa amani ya mtu mmoja huwafunga wote. Mwaka wa 8 wa Hijra, sawa na mwaka 630, siku ilipofunguliwa Makka, Bibi Ummu Hani binti Abi Talib aliwapa himaya watu katika wakwe zake. Ndugu yake, Sayyidna Ali, alikuwa akitaka kuwaua. Bibi huyu akaenda kwa Mtume s.a.w. kumshitakia, na Mtume akaipitisha amani yake, ikawa hapana wa kuwagusa watu wale. Mwanamke mmoja, asiyekuwa amiri wala kadhi, alitoa neno, na jeshi zima likafungika nalo. Wanavyuoni wamejenga hukumu nyingi juu ya kisa hiki.

La pili ni muda. Mahanafi wamesema mgeni wa amani asitimize mwaka. Ama sisi Mashafi, qauli iliyo mashuhuri, nayo imo katika Minhaj ya Imam Nawawi inayosomeshwa katika vyuo vyetu, ni kuwa amani isizidi miezi minne. Anayetaka kukaa zaidi ya hapo ana mlango wake mwingine na masharti mengine. Kwa hivyo kumpambanua mgeni wa muda mfupi na mkaazi si jambo lililozuliwa na Wazungu wa jana. Sisemi kuwa mawaziri wa Ulaya walifungua Minhaj. Haja ndiyo moja: kila mwenye nyumba hutaka kujua mgeni wake ni nani, nani amemdhamini, na ataondoka lini.

Na kukagua vyeti njiani pia ni kwa zamani. Ibn Battuta, yule yule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, miaka mitano kabla ya hapo alipita kituo cha Qatya, katika mchanga ulio baina ya Misri na Sham. Ameeleza ya kwamba hapo mizigo ya wafanyabiashara hupekuliwa, wala hapiti mtu mpaka awe na cheti cha upande anaotoka, kwa kuhifadhi mali za watu na kwa kuwaogopa majasusi wa Iraq. Magharibi ikiingia, Mabedui waliokabidhiwa njia huusawazisha mchanga usibakie na alama, na asubuhi amiri huja kuutazama. Akiuona wayo wa mtu, huwaamrisha wamfuate mpaka wamlete. Na kumbuka ya kuwa Misri na Sham wakati ule zote zilikuwa za sultani mmoja, Nasir Muhammad wa Mamaluki. Ukaguzi ulikuwa ndani ya dola moja. Leo Ulaya pana dola mbalimbali ambazo baina yake hapana mchanga wa kusawazishwa. Ilikuwaje hata wakafika hapo?

Katika karne ya 19, reli zilipoenea na watu wakawa wengi njiani, nchi nyingi za Ulaya ya magharibi zililegeza kabisa mambo ya pasipoti. Mtu mwenye nauli alikuwa akipanda treni na kuvuka mipaka miwili mitatu bila ya kuulizwa, ila akitaka kwenda Urusi au dola ya Uthmani. Vita vya mwaka 1914 vikaifunga milango yote kwa khofu ya wapelelezi, na vilipokwisha, milango haikufunguliwa. Mkutano ulifanywa Paris mwaka 1920 chini ya Shirikisho la Mataifa, wakatamani kurejea hali ya zamani, wakaona haiwezekani, wakaishia kupatana juu ya sura ya kitabu cha pasipoti. Kitabu alichonacho msomaji ndani ya sanduku lake kimetokana na mapatano yale.

Baada ya vita vya pili mambo yakaanza kugeuka. Ubelgiji, Uholanzi na Luxembourg zilipatana mwaka 1960 kuondoa ukaguzi wa watu katika mipaka iliyo baina yao na kuupeleka katika mipaka ya nje ya nchi hizo tatu. Huu ndio mfano mdogo ambao baadaye ulikuzwa. Ama Mkataba wa Roma wa 1957 ulikuwa umekwisha kuahidi kuwa watu watakwenda huru baina ya nchi za Soko la Ulaya, lakini ahadi ilikaa katika karatasi zaidi ya miaka ishirini na tano.

Waliolifanya jambo litoke katika karatasi ni madereva wa malori. Mapema mwaka 1984, walipochoshwa na foleni na migomo ya watu wa forodha, waliziziba barabara za milimani kwa malori yao, na biashara ikasimama. Mwezi wa Julai mwaka huo, Ufaransa na Ujerumani Magharibi zikatiliana saini, huko Saarbrücken, mapatano ya kupunguza ukaguzi baina yao. Wale watatu wa mwaka 1960 wakaona na wao waingie. Basi tarehe 14 Juni 1985 wajumbe wa nchi tano wakakutana katika kijiji cha Luxembourg kiitwacho Schengen, mahali ambapo Ufaransa, Ujerumani na Luxembourg zinagusana katika mto Moselle, wakatia saini ndani ya merikebu inayoitwa Princesse Marie-Astrid. Soko la Ulaya wakati ule lilikuwa na nchi kumi, na nusu yake tu ndizo zilizotia saini. Kijiji chenyewe ni cha mashamba ya mizabibu, na watu wake wa kuhesabika. Wala sidhani kama walitegemea jina lao lije kutajwa katika foleni za Nairobi na Dar es Salaam.

Hapa sasa ndipo viza ilipozaliwa. Chukua mfano wa jumba lenye vyumba vingi, kila chumba na mwenyewe, na kila mmoja ana kufuli lake. Siku wakipatana waiondoe milango ya ndani, mlango wa nje huwa ni wa wote. Mgeni aliyekaribishwa na mmoja wao anaweza kukutwa katika chumba cha mwengine. Kwa hivyo hawana budi wapatane: nani aingie, kwa masharti gani, kwa siku ngapi, na nani asiingie kabisa. Hayo ndiyo yaliyoandikwa katika mkataba wa pili wa tarehe 19 Juni 1990, ambao ndani yake mna viza ya sura moja kwa wote na daftari la pamoja la watu wanaozuiliwa. Maneno yale yalichukua miaka mingine mitano mpaka kutendwa. Tarehe 26 Machi 1995 ukaguzi uliondolewa baina ya nchi saba, zile tano za mwanzo pamoja na Hispania na Ureno.

Utaona basi ya kuwa uhuru wa ndani ulinunuliwa kwa kuunenepesha ukuta wa nje. Wako wanaoisifu Schengen kana kwamba ni ukarimu mtupu, na wako wanaoitukana kana kwamba ni ubakhili mtupu. Kwa maoni yangu wote wawili wameutazama upande mmoja wa sarafu. Na kwa sisi watu wa bahari hii upo ushahidi wa karibu. Mwezi wa Januari mwaka huo huo 1995, serikali ya Ufaransa iliyokuwa ikiongozwa na waziri mkuu Balladur iliwawekea viza watu wa Komoro wanaotaka kwenda Mayotte. Visiwa hivi ni vinne, watu wake ni wa dini moja na nasaba zilizochanganyika, na baina ya Nzuani na Mayotte hapazidi sana kilomita 70. Komoro ilipopata uhuru mwaka 1975, Mayotte ilibakia na Ufaransa. Watu walikuwa wakivuka kwa harusi, kwa maziko na kwa biashara ya samaki na ndizi. Tangu viza ile, wanavuka usiku kwa mashua ndogo ziitwazo kwasakwasa, na waliokufa maji ni wengi sana, wakiwamo wanawake na watoto wachanga. Hivyo ndivyo mwaka 1995 ulivyokuwa: mtu wa Lisbon alianza kwenda Paris bila ya kuulizwa, na mtu wa Nzuani akakatazwa kwenda kumzika shangazi yake.

Na ijulikane pia, kwa ajili ya jamaa zetu wenye asili ya huko, ya kwamba mkataba wa Schengen umeihusu sehemu ya Ufaransa iliyoko Ulaya tu. Mayotte na Réunion hazimo. Mwenye viza ya Schengen iliyoandikwa Paris asidhani ameruhusiwa kushuka Mayotte.

Baada ya hapo mduara ukapanuka. Mkataba wa Amsterdam, ulioanza kutumika Mei 1999, uliyatia mapatano haya ndani ya sheria ya Umoja wa Ulaya. Nchi za kaskazini ziliingia 2001, na nchi tisa kwa mpigo Desemba 2007, nyingi katika hizo zilizokuwa upande wa Urusi wakati wa vita baridi. Uswisi iliingia 2008, Kroatia 2023, na mwanzo wa 2025 Bulgaria na Rumania zikamaliza kuingia kwa upande wa nchi kavu. Jumla ikawa nchi 29. Katika hizo, Norway, Iceland, Uswisi na Liechtenstein hazimo katika Umoja wa Ulaya. Na kinyume chake Ireland imo katika Umoja lakini haimo Schengen. Uingereza haikuingia hata siku moja, tangu ilipokuwa ndani ya Umoja mpaka ilipotoka. Hili limewatega wengi. Mtu ana viza ya Schengen ya kuingia mara moja, yuko Paris, anasikia nduguye yuko London, saa mbili na ushei kwa treni. Akenda London anahitaji viza nyingine ya Waingereza. Na hata akiwa nayo, akishatoka Ufaransa ile mara yake moja imekwisha, na tiketi yake ya kurejea nyumbani inaanzia Paris!

Sasa turudi kwenye karatasi yenyewe iliyobandikwa ndani ya pasipoti. Yasomwe mambo matatu, na kila moja ni mbali na mwenzake. Zile tarehe mbili ni muda ambao mlango uko wazi kwako. Kabla yake huingii, na baada yake huonekani. Idadi ya mara za kuingia huandikwa 1, au 2, au MULT, na MULT maana yake ni mara nyingi. Kisha iko idadi ya siku, nayo ndiyo siku unazoruhusiwa kulala na kuamka huko. Kwa kawaida ubalozi huzidisha siku 15 katika tarehe ili msafiri apate nafasi ndege ikichelewa au safari ikisogea, na kwa hivyo tarehe huwa pana kuliko siku. Mzee wetu alipewa siku 15 ndani ya mwezi mmoja, akadhani amepewa mwezi.

Kiasi cha juu kabisa cha siku hizo ni 90 katika kila siku 180. Na hesabu hii ina historia yake. Hapo awali mkataba ulisema miezi mitatu ndani ya miezi sita, kuanzia tarehe ya kuingia mara ya kwanza. Watu wakauliza: mara ya kwanza ipi? Ya mwaka huu, au ya maisha? Kesi ikafika katika Mahakama ya Ulaya, na mwaka 2006 mahakama ikafasiri ya kuwa kila miezi sita ikimalizika, kuingia kunakofuata ni "mara ya kwanza" mpya. Matokeo yake, mtu mjanja wa kalenda aliweza kuzitumia siku zake mwishoni mwa miezi sita ya mwanzo, kisha akaunganisha na mwanzo wa miezi sita mipya, akakaa karibu nusu mwaka, na sheria haina la kumwambia. Tarehe 18 Oktoba 2013 mlango huo ulizibwa. Tangu siku hiyo, kila siku uliyoko huko hutazamwa siku 180 za nyuma, pamoja na hiyo ya leo, na zikahesabiwa zile ulizokaa. Siku ya kuingia ni siku nzima na siku ya kutoka ni siku nzima, hata kama ulitua saa tano na nusu ya usiku.

Tuchukue mfano. Bibi ana viza ya mwaka mmoja ya mara nyingi, yenye siku 90. Aliingia Ujerumani tarehe 1 Machi, akatoka tarehe 29 Aprili. Machi ina siku 31, na Aprili alikaa siku 29, jumla 60. Akarudi tarehe 1 Julai. Siku 180 za nyuma zinafika mpaka mwanzo wa Januari, kwa hivyo zile 60 zote zimo bado, na zilizombakia ni 30. Basi tarehe 30 Julai ndiyo mwisho wake. Akilala usiku ule akaamka 31, ameshavunja sheria, ingawa viza yake imeandikwa mpaka mwakani. Lini atapata siku nyingine? Tarehe 28 Agosti, kwa sababu siku hiyo ile 1 Machi inatoka katika hesabu, na kila siku inayofuata inatoka nyingine. Na akivuka kutoka Ujerumani kwenda Austria au Italia, hesabu haianzi upya, maana nchi zote 29 ni jumba moja. Nimewahi kumsikia mtu akishauri wenzake kuwa ukihama nchi siku hurejea. Ushauri huo una hasara.

Ama mahali pa kuombea, sheria ni hii. Ombi hupelekwa kwa nchi ambayo ndiyo makusudio ya safari, au utakayokaa siku nyingi zaidi. Na ikiwa siku ni sawa sawa, kwa nchi utakayoingia mwanzo. Huombwa si zaidi ya miezi sita kabla ya safari wala si chini ya siku 15. Pasipoti iwe haijatimiza miaka kumi tangu kutolewa, ibakie hai angalau miezi mitatu baada ya siku ya kutoka huko, na iwe na kurasa mbili tupu. Bima ya matibabu isipungue yuro 30,000. Ada ya mtu mzima tangu Juni 2024 ni yuro 90, na ya mtoto wa miaka 6 hadi asiyetimiza 12 ni yuro 45; na ukinyimwa hairudi. Sioni vizuri pesa hiyo kuchukuliwa kwa asiyepata kitu, na kwa mwalimu wa skuli wa huku ni jasho la siku nyingi. Lakini anayenyimwa ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi na kukata rufaa kwa nchi iliyomnyima, na haki hii watu hawaitumii kwa kuwa hawageuzi ile karatasi wakaisoma.

Watu wengine huambiwa na mawakala: ubalozi wa nchi fulani ni mwepesi, omba kwao, andika kuwa unakwenda huko, kisha ukifika nenda unakotaka. Au hutengenezewa barua ya hoteli ambayo hawatalala hata usiku mmoja. Hapa, ndugu msomaji, inatupasa turejee kwa Ummu Hani. Nchi iliyokupa viza imetoa amani kwa niaba ya wenzake ishirini na nane, nao wamefungika na neno lake. Na wanavyuoni wametaja wazi ya kuwa mtu aliyeingia nchi ya watu kwa amani yao haimfalii kuwafanyia khiyana, hata kama sharti hilo halikutamkwa, kwa sababu limefahamika katika kule kupewa amani. Wala haibadilishi kitu kuwa wao si watu wa dini yetu, au babu zao walitutawala. Upande wa dunia nao uko: tangu mwaka 2011 ilianzishwa hazina ya viza ambamo alama za vidole na majibu ya kila ombi huwekwa miaka mitano, na balozi zote huisoma. Aliyedanganya Madrid anajulikana Stockholm.

Na anayetimiza, hutimiziwa. Aliyepata viza tatu na kuzitumia sawasawa ndani ya miaka miwili hustahiki ya mwaka mmoja ya mara nyingi. Kisha huja ya miaka miwili, kisha ya mitano, madhali kila moja ameitumia kwa uaminifu na kwa kufuatana. Siku zinabakia zile zile 90 katika 180, lakini foleni ya ubalozini humwondokea.

Pana wasioihitaji viza hii kabisa. Orodha ya pamoja iliyowekwa 2001 imezitia Kenya, Tanzania, Uganda na Komoro katika nchi za kuomba. Shelisheli na Morisi ziliondolewa sharti hilo 2009, na Falme za Kiarabu 2015. Haya hupatikana kwa mazungumzo ya serikali kwa serikali, na ndugu zetu wenye madaraka wanaweza kuyatazama.

Hata hiyo milango ya ndani haikuondolewa moja kwa moja. Sheria inairuhusu nchi kurejesha ukaguzi kwa muda penye khatari, na tangu 2015 nchi kadhaa zimefanya hivyo; Ujerumani mwezi wa Septemba 2024 ilieneza ukaguzi katika mipaka yake yote ya nchi kavu. Mwenye viza asiiache pasipoti nyumbani kwa mwanawe kwa kusema kuwa ndani ya Ulaya haiulizwi. Na ile mihuri ambayo askari alikuwa akiihesabu kwa kidole inaondoka: tarehe 12 Oktoba 2025 ulianza, kidogo kidogo, mfumo wa mashine unaoandika sura ya mgeni na siku ya kuingia na ya kutoka, nao hujumlisha wenyewe. Mchanga wa Qatya umekuwa wa umeme.

Huku kwetu jambo la namna hii limejaribiwa. Mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zilianzisha viza moja ya watalii kwa nchi tatu, dola 100, siku 90, mgeni akaingia na kutoka baina yao atakavyo. Tanzania na Burundi hazikuingia. Kwa hivyo mtalii aliyeanzia Mombasa anaweza kwenda Kampala, akaenda Kigali, akarudi Mombasa kwa viza ile ile. Lakini akivuka kwenda Arusha kuutazama mlima, viza yake ya nchi tatu imekwishia hapo mpakani, na kurudi kwake Kenya kunataka ruhusa nyingine.